Kikosi cha Pili: Somo Kuhusu Tumaini, kwa Vijana Wanaosubiri Nafasi



Leo naomba tuanzie uwanjani, pale Nelson Mandela, hapa hapa Sumbawanga. Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons ya Mbeya iliutumia uwanja ule kama nyumbani, na tarehe 22 Oktoba 2020 ikaja Simba. Simba ile ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mara tatu mfululizo. Mpira ukaisha Prisons 1, Simba 0, na mfungaji alikuwa Samson Mbangula. Mji wetu kwa kawaida unatajwa kwa mahindi, kwa baridi, na kwa ule utani wa uchawi ambao nitaugusa huko mbele. Wiki ile ulitajwa kwa mpira.

Halafu ikawaje? Ligi haikusimama. Kulikuwa na mechi nyingine ya kucheza, na nyingine, na mwisho wa msimu Simba wakachukua ubingwa tena. Bao lile tunalikumbuka sisi tu wa huku, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye vibanda umiza. Mchezaji wa timu ya kati ndivyo anavyoishi: siku moja ya kutajwa redioni, na siku mia za kukimbia bila mtu kukuangalia. Somo la leo linahusu hizo siku mia.

Nimelazimika kuliandika kwa sababu ya swali. Niko mwaka wa kichungaji, na mwezi uliopita baada ya mkutano wa VIWAWA kijana mmoja alinisubiri nje. Ana miaka 21, ni mshambuliaji, na nimemwona akicheza ndondo: anajua. Mwaka jana mama yake aliuza magunia manne ya mahindi, fedha akapewa mtu aliyejiita wakala, aliyeahidi majaribio Dar es Salaam. Majaribio hayakuwepo. Namba ya simu haipatikani. Kijana sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Akaniuliza, "Frateri, kama kipaji amenipa Mungu, mbona nafasi hanipi?"

Ni swali zuri kuliko mengi tuliyofanyia mtihani tukiwa falsafa. Naomba tusiliharakishe.

Kijana aliyeitwa Mbappé

Tumchukue mtu mmoja wa kumtazama, maana habari za jumla hazisaidii sana. Kelvin John alizaliwa Morogoro tarehe 10 Juni 2003. Aprili 2019 Tanzania iliandaa fainali za AFCON za vijana chini ya miaka 17, pale Dar es Salaam, na Kelvin, akiwa na miaka 15, alikuwa mshambuliaji wa Serengeti Boys. Watu walishampa jina: Mbappé. Mnakumbuka mwaka uliotangulia Kylian Mbappé alikuwa amebeba Kombe la Dunia akiwa na miaka 19, kwa hiyo kila nchi ilikuwa inatafuta wake.

Mashindano yenyewe yalituumiza. Tulifungwa na Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2. Michezo mitatu, vipigo vitatu, nyumbani kwetu. Lakini Kelvin alikuwa ameonekana. Akaenda Uingereza, kwenye Brooke House College, shule yenye akademi ya mpira. Hakusaini klabu ya Ulaya papo hapo, na hapa pana jambo la kujua: sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Alisubiri. Juni 2021, alipotimiza miaka 18, akasaini KRC Genk ya Ubelgiji, klabu ile ile aliyoichezea Mbwana Samatta.

Magazeti yetu yalifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Hesabu ya mtaani ikawa rahisi: Samatta alikwenda akiwa na miaka 23, huyu amekwenda na 18, basi huyu atafika mbali zaidi. Yaani tulimpangia maisha kabla hajafungua begi.

Maisha hayakufuata hesabu yetu. Kelvin alipata muda mchache tu kwenye timu ya wakubwa. Michezo mingi akaicheza Jong Genk, kikosi cha vijana wa klabu, ambacho kuanzia msimu wa 2022/23 kilikuwa kinashiriki daraja la pili la Ubelgiji. Mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark, klabu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda ligi kuu. Mwisho wa msimu wa 2024/25 klabu hiyo ikashuka daraja.

Ukimsikiliza mtu wa kijiweni, hadithi hiyo ni ya kijana aliyepotea. "Yule Mbappé wetu yuko wapi siku hizi?" Wanauliza kwa kicheko. Mimi naikataa kabisa hukumu hiyo. Kijana wa Morogoro ambaye kwa miaka mingi anaamka, anakwenda kazini kwenye baridi ya Denmark, anaishi kwa mguu wake na kwa lugha za watu, amepotea wapi? Kosa ni la jina tulilompa. Tulimkopesha jina la mtu mwingine, halafu tunamdai.

Na tukumbuke Samatta mwenyewe. Akiwa na miaka 18 alikuwa bado Simba, akitokea African Lyon. Mwaka 2011 akaenda TP Mazembe, Lubumbashi, akakaa huko zaidi ya miaka minne. Leo tunaitaja Lubumbashi kama kituo cha njiani kwa sababu tunajua alikofika. Yeye alipokuwa huko hakuwa anajua. Kwake ilikuwa ni kazi ya Jumatatu.

Tumaini ni kitu gani hasa

Sasa turudi kwa kijana wetu. Aliposema "nafasi hanipi", alikuwa anazungumza juu ya tumaini, ingawa neno hakulitaja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana maelezo mafupi ambayo mimi yamenisaidia sana. Anasema kitu tunachokitumaini lazima kiwe na mambo manne: kiwe chema, kiwe bado hakijaja, kiwe kigumu kukipata, na kiwe kinawezekana.

Yapime taratibu. Kikiwa kibaya, huo ni uovu au hofu. Kikiwa tayari unacho, hiyo ni furaha, hutumaini kitu kilichomo mfukoni. Kikiwa chema na hakijaja lakini ni rahisi, Tomaso anasema hiyo ni tamaa tu. Natamani chai, sitasema natumaini chai. Na kikiwa hakiwezekani kabisa, moyo unaanguka, tunaita kukata tamaa.

Hapo Kiswahili kinanichekesha kidogo. Tunasema "kukata tamaa", lakini mtu aliyefika hapo mara nyingi tamaa bado anayo tele. Kilichokatika ni tumaini. Mwangalie anayekaa kibanda umiza na mkeka wa timu kumi mkononi. Anatamani sana. Hajakata tamaa hata kidogo. Lakini ameacha kutumaini, kwa sababu amelitoa lile neno la tatu: ugumu. Anataka kitu chema, kijacho, kinachowezekana, ila kisimgharimu mwili wake. Kimgharimu shilingi elfu moja tu.

Ukishaliona hilo, utawatambua wengine wawili wanaofanya biashara ile ile. Wa kwanza ni wakala wa uongo. Anauza njia isiyo na mlima. Kwa faida yenu niseme wazi: tangu 2023 wakala anayetambuliwa anatakiwa awe amefaulu mtihani wa FIFA na awe na leseni, na jina lake linaweza kuulizwa TFF. Mtu anayetaka "ada ya majaribio" itumwe kwa simu kabla mpira haujagusa mguu wako, usimpe hata hela ya vocha. Mwambie aje aongee na baba yako na paroko wako. Hatakuja.

Wa pili ni mganga. Hapa tuzungumze kama watu wa nyumbani. Wazee wanatuambia jina la mji wetu maana yake ni kuutupa uchawi: ukifika hapa, achana nao. Watani wetu wakaligeuza, wakatufanya sisi ndio wenye nao. Sawa, utani una raha yake. Lakini timu inapochangishana fedha za "kamati ya ufundi" ili kumwaga vitu golini, hatuwezi kulalamika tukitaniwa. Kwanza ni dhambi dhidi ya amri ya kwanza. Na hata ukiacha dhambi, ni dharau kwa mwili wako mwenyewe: unasema mazoezi yangu hayana maana, kinachofunga ni hirizi. Straika anayeamini hivyo atafanya mazoezi ya kumalizia kwa mguu wa kushoto saa ngapi?

Mungu hakuahidi Genk

Nataka niwe mwaminifu hapa, maana kuna mahubiri yanayotembea mitaani siku hizi yakisema ukiomba kwa imani na kutoa sadaka nono, mlango wa Ulaya utafunguka. Mambo manne ya Tomaso niliyoyaeleza ni ya tumaini la kawaida la kibinadamu, hata mpagani analo. Tumaini kama fadhila ya Kimungu ni jambo jingine: linamlenga Mungu mwenyewe, uzima wa milele, na msingi wake ni msaada wake. Hilo ndilo ametuahidi. Mungu hakuahidi Genk. Hakuahidi Simba wala Yanga. Hakuahidi hata kwamba goti lako halitavunjika kwenye uwanja wa kokoto.

Papa Benedikto wa XVI aliandika barua nzima juu ya tumaini mwaka 2007, Spe Salvi, na humo anakubali kwamba tunahitaji matumaini madogo madogo ya kutusukuma siku kwa siku, ila anasema hayatoshi bila lile kubwa. Mfano anaoutoa mapema kabisa ni wa mtu wa upande wetu wa dunia: Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudani, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani. Usomeni, ni barua inayosomeka.

Kwa hiyo kuitamani ligi kuu si vibaya. Ni tumaini dogo, na ni jema. Tomaso anaisifu fadhila ya moyo mkuu, yaani moyo unaojinyoosha kuelekea mambo makubwa, na anaulaumu moyo mdogo unaokimbia jambo lililo ndani ya uwezo wake. Anamtaja hasa yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyefukia talanta: alifukia kwa sababu ya moyo mdogo, kwa kuogopa. Basi Mkristo asiyethubutu si mnyenyekevu, anaogopa tu.

Lakini someni mfano ule mpaka mwisho. Tunawakumbuka sana wawili, wa talanta tano na wa talanta moja. Yule wa katikati, wa mbili, tunampita. Linganisheni mstari wa 21 na wa 23. Bwana anaporudi, anamwambia wa talanta mbili maneno yale yale aliyomwambia wa tano. Hakumpa sifa pungufu, wala hakumuuliza kwa nini hakuleta kumi. Mtu wa talanta mbili alikuwa daraja la pili, kama mnataka, na furaha aliyoingizwa ni ile ile.

Mtu ambaye kura haikumwangukia

Kuna mtu mmoja katika Maandiko ambaye kila mchezaji wa akiba angepaswa kumfahamu. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 15. Yuda amekwenda zake, nafasi iko wazi, na Petro anasimama mbele ya watu wapatao mia na ishirini. Anataja sifa: awe mtu aliyefuatana nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku Bwana alipochukuliwa juu. Wakapatikana wawili wenye sifa hizo. Mmoja ni Mathiya. Mwingine ni Yosefu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto.

Fikirini maana yake. Barsaba alikuwepo Yordani. Alitembea Galilaya yote, alikula vumbi lile lile, aliona msalaba, aliona kaburi tupu. Miaka yote hiyo hakuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alikuwa kikosi cha pili. Sasa nafasi inafunguka, anasimamishwa mbele, jina lake linatajwa kwanza kabla ya la Mathiya, kanisa zima linasali, kura inapigwa. Inamwangukia Mathiya.

Baada ya hapo Maandiko hayamtaji tena.

Hapa ndipo swali la kijana wetu linapobana kweli kweli. Kama Mungu alimpa Barsaba sifa zote, mbona nafasi hakumpa? Jibu rahisi halipo, na ninaomba tusilitengeneze. Tusiseme "Mungu alikuwa na mpango mkubwa zaidi kwa ajili yake," kama vile tumeuona. Kinachoonekana katika andiko ni kimoja tu: sifa iliyomfanya Barsaba asimame pale haikuwa cheo alichokitarajia. Ni kwamba alikuwa amefuatana na Bwana muda wote. Na hiyo kura haikuiondoa. Jumatatu baada ya kura, Barsaba alikuwa bado ni mtu aliyetembea na Yesu tangu Yordani. Pentekoste ilipofika, Roho hakuwashukia wenye namba tu.

Mimi nimeikalia sura hii muda mrefu, na nikiri kwamba kwetu sisi waseminari nayo inauma. Hata huku kwetu kuna kura.

Seremala wa Blaubach

Kuna Mjerumani mmoja ninayempenda kwa habari hii. Miroslav Klose alizaliwa Poland mwaka 1978, wazazi wakamhamishia Ujerumani akiwa mtoto. Mpaka anafikisha miaka 20 alikuwa anachezea timu ya kijiji, Blaubach-Diedelkopf, daraja la saba. La saba! Hapa kwetu ni sawa na kumtafuta mtu kwenye ndondo ya Laela. Na kwa kuwa mpira ule haulishi mtu, alijifunza ufundi seremala, ule wa kupaua nyumba. Kisha Homburg, kisha kikosi cha pili cha Kaiserslautern, na mwaka 2000 akagusa ligi kuu. Mwaka 2001 yuko timu ya taifa. Alipostaafu timu ya taifa mwaka 2014 alikuwa bingwa wa dunia na mwenye mabao 16 katika fainali za Kombe la Dunia, zaidi ya mwanaume yeyote kabla yake.

Najua mmeshaanza kutabasamu. Tafadhali msiisome hadithi hii kama mkeka. Kwa kila Klose mmoja kuna maelfu waliobaki daraja la saba mpaka magoti yakachoka. Ninachotaka mkione ni miaka ile ya kabla, akiwa juu ya paa na misumari mdomoni. Hakuacha ufundi akangojea simu. Aliupaua ulimwengu wa watu mchana, jioni akacheza. Angebaki Blaubach, leo wangekuwa na seremala mzuri na straika wa kijiji anayefunga kwa kichwa, na hiyo ingekuwa ni maisha ya mtu kamili. Bwana wetu mwenyewe watu wa kwao walimjua kwa kazi hiyo (Marko 6:3), na Nazareti aliishi sehemu kubwa zaidi ya miaka yake duniani, bila muujiza unaotajwa.

Na utaona miaka ile ilimjenga mtu wa namna gani. Tarehe 26 Septemba 2012 Lazio, timu yake ya Italia, ilikuwa inacheza Naples. Klose akafunga mapema kabisa, mwamuzi akakubali. Wapinzani wakalalamika. Klose akamwambia mwamuzi kwamba mpira ulimgusa mkononi. Bao likafutwa, Lazio wakafungwa 3-0. Ukweli ule ulimgharimu. Mwanafalsafa Aristotle anafundisha kwamba fadhila inapatikana kwa kutenda mara nyingi, kama mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Hakuna anayejifunza ukweli siku ya kamera. Unaujifunza kwenye mechi ya vumbi isiyo na mwamuzi wa pembeni, unapojua wewe ndiye uliyeutoa mpira nje na bado unanyoosha mkono kudai ni wa kwako.

Ilungu na kintengwe

Babu zetu wa Ufipa wangeelewa haya haraka. Walikuwa mafundi wa chuma, na mabaki ya matanuri yao bado yanaonekana huku na kule katika nchi yetu. Tanuri kubwa liliitwa ilungu, refu kuliko mtu, la udongo, linavuta hewa lenyewe bila mivukuto. Mawe ya chuma na makaa yaliingia, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Mtu angefikiri kazi imeisha hapo, maana ilungu ndilo linaloonekana toka mbali. Haikuwa imeisha. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye uchafu mwingi. Kilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, karibu na ardhi, lililoitwa kintengwe, na hapo watu walifanya kazi ya mivukuto kwa mikono yao. Ni baada ya kintengwe ndipo mhunzi alipofua jembe.

Serengeti Boys ya 2019 ilikuwa ilungu: moto mkubwa, nchi nzima inatazama. Jong Genk, Aalborg, na ile timu ya mtaa inayofanya mazoezi saa kumi na moja jioni upepo wa Julai ukikata masikio, hivyo ni vintengwe. Chuma hakichagui kitafuliwa kuwa nini. Inawezekana ni jembe la kulimia ligi kuu. Inawezekana ni jembe la kulimia maharage Mpui, na baba wa familia anayefundisha watoto wa mtaa kupiga mpira kwa mguu wa ndani kila Jumamosi.

Basi kwa kijana aliyeniuliza, na wewe uliye kama yeye, ninasema hivi. Miaka 21 si uzee, endelea kucheza, na ucheze kwa moyo mkuu. Tafuta timu yenye uongozi unaojulikana na inayosajiliwa kihalali wilayani, hata kama haina jezi nzuri. Jiunge na ufundi, VETA au kwa fundi mwaminifu, bila kuona kwamba umeusaliti mpira, Klose hakuusaliti. Mweleze mama ukweli wote kuhusu yale magunia manne, mpange namna ya kuyarudisha kidogo kidogo, maana deni hilo ni la haki na si la huruma tu. Na Jumapili usikose Misa kwa ajili ya ndondo. Ndondo nyingi zinaanza saa tisa, Misa ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu, msinidanganye.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Someni kwa sauti Matendo 1:15-26, kisha mkae kimya dakika tatu kabla ya mtu yeyote kusema. Halafu: unadhani ni nini kilimfanya Barsaba abaki? Katika yale mambo manne ya Tomaso, lipi wewe binafsi umelitoa katika tumaini lako, wema wake, ugumu wake, au kule kuwezekana kwake? Wale wanaobeti wajibu swali hili bila kuchekwa na wengine.

Mwisho, kila mmoja ataje mtu mmoja wa kikosi cha pili katika parokia yetu: anayefagia kanisa, anayepiga kinanda Misa ya asubuhi wakati kwaya kubwa imelala, katekista wa kigango cha mbali anayekuja kwa baiskeli. Mwenyekiti aandike majina. Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili tutawatafuta mmoja mmoja na kuwashukuru kwa mdomo, na VIWAWA watachanga soda.